Si Kufuli, ni Mpalio

Orodha ya istilahi za ufundi wa magari iliyonifikia majuzi inatutaka tuite "kufuli la mvuke" ile hali ya petroli kuchemka ndani ya bomba na kuizima injini iliyopata moto. Kufuli! Aliyewahi kuendesha gari kuukuu la kabureta katika barabara ya Namanga anaijua hali yenyewe. Gari linatoka Bisil, linapita Kajiado na Isinya bila neno, kisha linaingia kwenye msongamano wa Kitengela. Upepo uliokuwa ukiipoza injini unakatika, na Peugeot 504 ya watu inagugumia kidogo na kunyamaza. Hapo kimefungwa nini, na ufunguo anao nani?

Kufuli hutiwa na mtu, tena kwa kusudi. Ndani ya bomba lile hakuna kilichotiwa wala kilichofungwa. Pampu inapiga kama kawaida, ila badala ya kuvuta petroli inavuta mvuke, na mvuke hubanwa ukatanuka, ukabanwa tena, bila kusogea. Ndiyo maana nalikataa pia "mkwamo wa mvuke", zao la mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja kwa kuwa anajijua. Mkwamo tuwaachie malori yaliyozama matopeni na wanasiasa walioshindwa kuelewana. Pampu haijakwama.

Mimi nasema mpalio. Maji yakipita njia isiyo yake kooni, husemwa yamempalia mtu, naye amepaliwa. Umbo lake halina kasoro: lia hutupa mlio, palia hutupa mpalio. Niliposema hivyo mbele ya kamati fulani niliambiwa kwamba neno "halina mashiko", na kikao kikaendelea na chai. Mashiko yapi, wakati kitenzi kinasemwa na kila mama anayemlisha mtoto uji?

Tena palia ni neno lenye moto ndani yake. Kupaa moto ni kuchukua makaa yanayowaka. Kupalia ni kuyasogeza hayo makaa, kwa mfano juu ya kifuniko cha chungu, na kutokana nalo tunasema mtu amejipalia makaa anapojitafutia balaa. Basi neno moja limebeba kaa la moto na koo lililozibwa, mambo mawili yanayokutana chini ya boneti ya gari letu. Na mvuke nao hupaa! Sarufi haikutuletea zawadi hii ili tuitupe, tukaazime kufuli. Kuna waliopinga kwamba mkulima atadhani tunazungumzia jembe. Mkulima ana palizi yake tangu zamani, na sijamsikia akilalamika.

Mafundi wa Kitengela wana maneno yao, nami nayaheshimu kuliko ya kamati, lakini yanapotosha. Wanasema gari "imeshika hewa", na kwa injini ya dizeli iliyoishiwa mafuta wako sahihi. Hapa, hata hivyo, hewa haijaingia kutoka nje, kwa hiyo kukaza klipu za mpira hakusaidii. Mwenye gari naye husema "imechemka", fundi akakimbilia rejeta ilhali mshale wa joto umetulia mahali pake. Kilichochemka ni petroli. Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na Kitengela, iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ina kanieneo pungufu ya ile ya Mombasa, basi kuchemka huja mapema zaidi. Pampu ya gari la namna hii imefungwa ubavuni mwa injini yenyewe, na injini ikisimama, joto la chuma lote huihamia.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: gari likizima, kwanza angalia cheche ya plagi, mbali na petroli. Ikiwa dhaifu, shuku koili, maana nayo hufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Cheche ikiwa kali, weka kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu na bomba. Gari likiwaka baada ya hapo, ulikuwa mpalio, na dawa yake ni kulihamisha bomba mbali na ekzosi. Magari mapya yenye pampu ya umeme ndani ya tenki hayapaliwi kwa urahisi. Yakizima yakiwa ya moto, fundi aanze na sensa ya kranki.

Wanaoandaa toleo lijalo la orodha ile nawaomba wafute kufuli. Mpalio uko tayari, na sidai malipo wala shukrani, ingawa jina langu likitajwa kwenye utangulizi sitakasirika.