Bahari Hutunzwa Kuanzia Mtoni: Kuchangia Miradi ya Kuzuia Taka Kwenye Chanzo Chake

Takataka za baharini ni vitu vilivyotengenezwa na binadamu, hasa plastiki, ambavyo hutupwa na hatimaye kufika baharini. Sehemu kubwa ya taka hizo hutoka nchi kavu, zikichukuliwa na mvua na mito. Kwa hiyo sisi wa Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo mkoani Iringa, tunahusika na bahari, ingawa tuko mbali nayo kwa mamia ya kilomita.

Njia ya taka

Ruaha Mdogo huungana na Ruaha Mkuu, ambao hupita katika mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha huingia Rufiji. Maji hayo hufika Bahari ya Hindi mkabala na kisiwa cha Mafia, kupitia delta yenye misitu mikubwa ya mikoko. Si kila chupa itupwayo kwetu hufika huko. Nyingine hunasa kwenye nyasi za kingo, nyingine hutuama Mtera, wanakovuliwa samaki tunaowala. Hasara, basi, hutupata sisi kabla ya kuwafikia wavuvi wa pwani.

Mradi unaostahili kuchangiwa

Tangu tarehe 1 Juni 2019, Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hata hivyo, chupa za vinywaji, vifungashio na makopo ya viuatilifu kutoka mashambani bado yapo. Parokia inapoombwa kuchangia mradi, au inapoandika ombi kwa wafadhili, tunapendekeza kupima mambo matatu.

Kwanza, mradi uzuie taka kabla ya masika. Plastiki haiozi, bali humeguka vipande vidogo mno, na vikishaingia mtoni ni vigumu mno kuvikusanya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, fedha zisiishie kwenye vifaa. Mapipa yasiyotengewa fedha za kuyazoa hujaa, kisha upepo na mvua huzirudisha taka mtoni. Bajeti ionyeshe nani atazoa, zitapelekwa wapi, na nani atagharimia mfadhili akishaondoka.

Tatu, anayezoa taka alipwe ujira wa haki na apewe glavu na buti. Mradi unaosafisha mto kwa kumnyonya maskini haujatenda haki.

Mafundisho ya Kanisa

Katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Mvuvi wa Rufiji ni jirani yetu, kwa kuwa maji tunayochota ndiyo yanayomfikia.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji huanza tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba, kabla ya mvua. Tunazialika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zikitumie kutambua mahali taka zinapoingilia mtoni, na kuelekeza sadaka yao hapo kwanza.