Wakamwana Watatu wa Ukoo wa Yi

Jioni moja ya Februari 1933, chumba cha kulia cha Hoteli de Russie mjini Geneva kilijaa hadi pakakosekana kiti. Mhudumu akawaomba Waaustria wawili, mama na bintiye, wamkaribishe mezani pao bwana mmoja kutoka Asia. Binti aliitwa Francesca Donner, mwenye umri wa miaka 32. Mgeni alikuwa Syngman Rhee, Mkorea wa miaka 57, aliyekuja kuwakumbusha wajumbe wa Shirikisho la Mataifa kwamba nchi yake ilikuwa chini ya Japani tangu 1910. Francesca alisimulia baadaye kwamba bwana yule aliagiza kabichi iliyochachushwa, soseji moja na viazi viwili, akala kwa utulivu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Mama hakupendezwa, na wala hakuficha. Hata hivyo Oktoba 1934 wawili hao walifunga ndoa New York. Upande wa bwana harusi nako hakukuwa shwari: baadhi ya wafuasi wake waliokuwa Hawaii walimtaka awatembelee peke yake, bila mke wa Kizungu. Rhee hakukubali, akaenda naye.

Ili kuelewa hofu yao, inafaa kumjua Rhee alikuwa mtoto wa nani. Alizaliwa katika ukoo wa Yi wa Jeonju (jina ambalo pia huandikwa Rhee au Lee), ule uliotoa wafalme wa Korea wa nasaba ya Joseon kuanzia 1392 hadi 1910. Tawi lake lilitokana na Yangnyeong, mwana mkubwa wa Mfalme Taejong, na kwa vizazi kadhaa lilikuwa limeponea kwenye mtoto mmoja tu wa kiume. Mtoto pekee wa Rhee mwenyewe, aliyezaa na mke wake wa kwanza Mkorea, alifariki kwa dondakoo mjini Philadelphia mwaka 1906. Kwa hiyo mwanamke yeyote aliyeingia nyumba ile aliingia na swali la mwana likimsubiri mlangoni.

Ukoo huohuo, katika karne moja, ulipokea wakamwana watatu wa kigeni ambao dunia iliwafahamu: Mjapani, Mwaustria na Mmarekani. Maisha yao yanaonyesha jambo ambalo vitabu vya mapishi na picha za harusi hazisemi. Jiko la Korea lilimfungukia mgeni mapema. Kitabu cha ukoo kilikawia, na wakati mwingine hakikufunguka kabisa.

Nasaba ya Kikorea ilihesabiwa kwa baba. Mwanamke akiolewa hakubadili jina la ukoo wake. Katika kitabu cha ukoo wa mume aliandikwa kama binti wa ukoo fulani wa mji fulani, mara nyingi bila jina lake la kuzaliwa. Kazi zake zilikuwa mbili. Kwanza, kupika chakula cha tambiko la wahenga, jesa: wali, supu, nyama, samaki, vyakula vya kukaangwa, matunda mekundu upande wa mashariki wa meza na meupe upande wa magharibi. Pili, kumzaa yule atakayesimama mbele ya meza hiyo na kusujudu. Asipopatikana mwana, ukoo uliasili mmoja kutoka kwa ndugu wa upande wa baba. Mtoto wa damu nyingine hakufaa, hata kama alipendwa namna gani.

Wa kwanza kati ya hao watatu hakuchagua. Masako, binti wa nyumba ya kifalme ya Nashimoto, alikuwa na miaka 14 mwaka 1916 aliposoma gazetini kwamba amechumbiwa na Yi Un, mwana wa mfalme wa Korea aliyechukuliwa Tokyo akiwa mtoto. Ilikuwa ndoa ya kisiasa: Japani ilitaka damu ya wafalme wa Korea ichanganyike na ya kwao. Harusi ilipangwa Januari 1919, ikaahirishwa kwa kifo cha Gojong, baba wa bwana harusi, ikafungwa Aprili 1920. Wakorea walimfahamu kwa jina la Yi Bangja.

Alijifungua mwana, Jin, Agosti 1921. Mwaka uliofuata wazazi walimpeleka Seoul kumtambulisha kwa jamaa za baba yake, na huko akafa Mei 1922, kabla hajatimiza mwaka. Uvumi wa sumu ulienea pande zote mbili: kuna waliowanyooshea kidole Wajapani, kuna waliosema ni Wakorea waliochukia damu ya mama. Hakuna kilichothibitishwa. Mwana wa pili, Ku, alizaliwa Desemba 1931.

Baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945, Yi Un na mkewe walipoteza hadhi na mali nchini Japani, wakataka kurudi Korea. Aliyewafungia mlango ni Rhee, aliyekuwa rais kuanzia 1948, mtu wa ukoo uleule ambaye hakutaka mtoto wa mfalme karibu na kiti chake. Waliruhusiwa mwaka 1963, chini ya utawala wa Park Chung-hee. Yi Un alikuwa ameshapigwa na kiharusi. Alitua Seoul akapelekwa moja kwa moja hospitali, na hakupona hadi alipofariki Mei 1970. Bangja angeweza kurejea kwao. Alibaki. Alianzisha vituo na shule ya watoto wenye ulemavu, na kuzigharimia kwa kuuza maandishi ya brashi, vyombo vya udongo na mapambo ya shaba yaliyotiwa rangi za kioo, kazi za mikono yake mwenyewe. Alipofariki Aprili 30, 1989, alizikwa kando ya mumewe, na kibao cha jina lake kikawekwa pamoja na cha mumewe katika hekalu la Jongmyo. Kila Mei ukoo unapotambikia wafalme wake hapo, naye hupewa sehemu yake ya chakula na pombe. Mjapani aliyeletwa na wakoloni ameingia ndani kabisa, na ni vigumu kuona mlango mwingine alioupitia zaidi ya huu: alizaa mwana, akabaki mjane.

Francesca hakuwa na mwana. Alichokuwa nacho ni bidii ambayo hata wapinzani wa mumewe waliitambua. Wakorea wengi hawakuijua Austria, wakaichanganya na Australia, na jina la utani la mke kutoka Australia likamganda. Alivaa hanbok, vazi la jadi la Kikorea, alishona na kutia viraka nguo za mumewe, na alijifunza kutengeneza kimchi.

Asiyewahi kuona kimchi ikitengenezwa anaweza kudhani ni kachumbari. Siyo. Mwishoni mwa Novemba, kabla ardhi haijaganda, kabichi ndefu za Kikorea hupasuliwa katikati, hunyunyiziwa chumvi ya mawe kati ya majani, na kulazwa usiku kucha zikitoa maji hadi jani likunjike bila kuvunjika. Asubuhi huoshwa mara kadhaa na kuachwa zichuje. Kisha huja rojo: pilipili nyekundu iliyotwangwa, kitunguu saumu, tangawizi, figili iliyokatwa nyuzinyuzi, vitunguu vya majani na uduvi uliochachushwa kwa chumvi. Rojo hupakwa jani moja baada ya jingine, hadi kwenye shina, na jani la nje kabisa hutumika kufungia. Zamani vichwa hivyo vilipangwa kwenye mitungi ya udongo iliyofukiwa uani ili baridi isivigandishe wala joto lisiviharakishe. Nyumba moja ingeweza kutayarisha vichwa 100 au zaidi, kwa hiyo haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mama mkwe, wakamwana, mawifi na majirani walikaa duara, na mkubwa wao ndiye aliyeonja na kusema chumvi imetosha. Mgeni akikaa kwenye duara lile msimu mmoja, tayari ana kazi, ana mahali na ana wa kumwelekeza. UNESCO iliandikisha desturi hiyo, kimjang, mwaka 2013 kwa Korea Kusini na mwaka 2015 kwa Korea Kaskazini.

Vita vya Korea vilipozuka mwaka 1950, Francesca aliandika kumbukumbu za kila siku ambazo baadaye zilichapishwa, na wanahistoria wanazitumia hadi leo. Lakini swali la mwana halikuondoka. Mwaka 1957 Rhee aliasili kijana Lee Kang-seok, mtoto wa Lee Ki-poong, msaidizi wake wa karibu na mtu wa ukoo huohuo. Miaka mitatu baadaye wizi wa kura uliomhusu Ki-poong uliwatoa wanafunzi barabarani, polisi wakaua watu wengi, na Rhee akajiuzulu Aprili 26, 1960. Siku mbili baadaye Kang-seok aliwapiga risasi wazazi wake waliomzaa na mdogo wake, kisha akajiua.

Rhee na mkewe wakaondoka kwenda Hawaii. Hata uhamishoni, ukoo haukuacha kushughulika: mwaka 1961 alipatikana mwana mwingine wa kuasiliwa, Rhee In-soo, wa tawi la Yangnyeong. Francesca alimuuguza mumewe mpaka alipofariki Honolulu Julai 19, 1965, akarudi kwao Austria, kisha mwaka 1970 akarejea Seoul, kwenye nyumba ya Ihwajang. Huko aliishi na mwana huyo, mkamwana wake Mkorea na wajukuu, naye sasa akiwa ndiye mama mkwe wa nyumba. Wapenzi wa tamthilia za Kikorea wanajua cheo hicho kina uzito gani. Alifariki Machi 1992, akazikwa na mumewe katika makaburi ya taifa.

Julia Mullock hakupata hata robo ya hayo. Alikuwa Mmarekani wa Pennsylvania, mwenye asili ya Ukraine, msanifu wa mapambo ya ndani katika ofisi ya msanifu majengo I. M. Pei mjini New York. Huko alikutana na Yi Ku, mwana wa Bangja, msanifu majengo aliyesomea chuo cha MIT. Walioana mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1963 wakahamia Seoul, katika Nakseonjae, makazi ya pembeni ya kasri la Changdeokgung.

Ndani ya Nakseonjae aliishi pia Yun, mjane wa mfalme wa mwisho, hadi alipofariki 1966. Jiko la nyumba hiyo ndilo lililohifadhi mapishi ya kasri: Han Hui-sun, mpishi wa mwisho aliyelelewa katika jiko la mfalme, alimfundisha mwalimu Hwang Hye-seong, ambaye aliyaandika na kuyapima kwa gramu, na mwaka 1971 serikali iliyatangaza kuwa urithi wa taifa. Julia alifika kwenye jiko ambalo wageni wa leo hulipia kuonja nakala ya mapishi yake tu.

Alimsaidia Bangja katika kazi za watoto wenye ulemavu, akawafundisha ufundi wa mikono, akafungua duka dogo la kazi hizo. Yeye na Ku hawakupata mtoto, wakaasili binti. Binti huyo hakuhesabiwa: alikuwa wa kike na hakuwa wa damu ya Yi. Wazee wa ukoo walimshinikiza Ku amwache mkewe apate mrithi, na mwaka 1982 talaka ikatoka. Ku hakuwahi kupata mtoto hadi mwisho wa maisha yake. Julia aliendelea kuishi Korea kwa miaka mingi kabla ya kwenda Hawaii mwaka 1995. Huyu ni mwanamke aliyetumikia nyumba ile kwa karibu miaka 20, na namna alivyotolewa ni dhuluma, hata kama ilifanywa kwa taratibu zote za heshima.

Yi Ku alikutwa amefariki katika hoteli mjini Tokyo Julai 16, 2005. Mazishi yalifanyika Seoul Julai 24, na ukoo ulishamteua ndugu, Yi Won, awe mwanawe baada ya kifo. Julia hakualikwa, aliutazama msafara akiwa ng'ambo ya barabara. Alifariki Honolulu mwaka 2017.

Katikati ya siku hizo nane, Julai 21, 2005, Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na mabinti wa koo nyingine: wanawake watu wazima ni wanachama kamili wa ukoo wa baba yao, sawa na kaka zao. Mwaka huohuo mfumo wa daftari la familia lenye mkuu wa kiume ulitangazwa kinyume cha katiba, ukafutwa rasmi Januari 1, 2008.

Sheria za uraia nazo zilikuwa zimeegemea upande mmoja. Mpaka 1998 mke wa kigeni wa Mkorea alipewa uraia kwa kuolewa tu, ilhali mume wa kigeni wa Mkorea hakupewa, na watoto wao hawakuwa Wakorea. Wanaume wengine walipata njia yao: Robert Holley, mwanasheria Mmarekani aliyeoa huko na kuzungumza lafudhi ya Busan hadi akapendwa kwenye televisheni, alichukua uraia mwaka 1997 akajiita Ha Il, mwanzilishi wa ukoo mpya wa Ha wa Yeongdo.

Wakati huo vijiji vilikuwa vimekosa wachumba. Wasichana walihamia mijini, wakulima wakabaki wakitafuta wake Uchina, Ufilipino na Vietnam, na mwaka 2005 ndoa na wageni zilipita 42,000. Sheria ya kuzisaidia familia hizo ilipitishwa 2008, vikafunguliwa vituo vya kufundisha lugha, na kimchi pia. Mwaka 2012 Jasmine Lee, mzaliwa wa Ufilipino na mjane wa Mkorea, akawa mbunge. Matusi aliyomiminiwa mtandaoni yalionyesha kwamba si wote walioridhia.

Mzigo wa meza ya tambiko umepungua pia. Septemba 2022, siku chache kabla ya sikukuu ya Chuseok, viongozi wa Kikonfusio wa Sungkyunkwan walitangaza kwamba vyakula vya kukaangwa si lazima na kwamba aina tisa hivi zinatosha. Na Mei 11, 2023, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba, warithi wasipokubaliana, anayesimamia tambiko ni mkubwa kwa umri kati ya wazao wa karibu, awe wa kiume au wa kike, kwa kuwa kumtanguliza mwana wa kiume hakupatani tena na usawa uliomo ndani ya katiba.