Bugatti Ilikuja na Rimu Kali, Matairi Yakaiangusha

Wasee, kila mtu mwenye gari la kwanza na kiu ya kulikimbiza kwenye saketi huuliza swali moja: niweke rimu gani? Tairi haliulizwi. Tairi ni ile kitu unanunua na chenji iliyobaki. Mimi naona hiyo hesabu imepinduliwa, na mbio zenyewe zilishathibitisha hivyo karibu miaka mia moja iliyopita.

Twende Ufaransa, Agosti 1924. Grand Prix inakimbiwa karibu na Lyon, na Ettore Bugatti analeta gari jipya, Type 35. Buda, hilo gari lilikuwa moto. Wakati huo magari mengi ya mbio yalitumia rimu za nyaya kama za baiskeli. Yeye akaja na rimu za aluminiamu, spoki nane bapa, dramu ya breki imeunganishwa humo humo. Haukuwa urembo tu. Gurudumu jepesi hufuata mabonde ya barabara vizuri zaidi, na ukilivua unaona hali ya breki papo hapo.

Kwa hivyo ilishinda? Wapi! Matairi yaliyowekwa hayakuwa yamepikwa sawasawa kiwandani, na mbio zikiendelea yakaanza kubanduka ngozi. Bugatti iliyofanya vizuri kuliko zingine ilimaliza ya saba. Aliyeshinda ni Giuseppe Campari na Alfa Romeo P2. Miaka iliyofuata familia hiyo hiyo ya Type 35 ilishinda Targa Florio mara tano mfululizo, 1925 hadi 1929. Yaani gari lilikuwa sawa, na rimu zilikuwa sawa. Shida ilikuwa pale chini, kwa raba.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1895, ndugu wawili, André na Édouard Michelin, waliingia mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi, kama kilomita 1,200, na gari lenye matairi ya upepo. Aliyefika wa kwanza, Émile Levassor, alitumia raba ngumu isiyo na upepo. Hao ndugu walipigwa na pancha moja baada ya nyingine, wakamaliza nje ya muda. Watu wangeweza kuwacheka, lakini baadaye dunia nzima ikahamia kwa upepo. Mwaka 1906, kwenye Grand Prix ya kwanza pale Le Mans, Ferenc Szisz wa Renault alitumia rimu za kufunguliwa pamoja na tairi lake. Wenye rimu za kawaida walikata tairi kwa kisu na kupoteza karibu robo saa kwa kila pancha, yeye akamaliza kwa dakika chache. Alishinda kwa zaidi ya nusu saa. Angalia vizuri: hiyo rimu ilikuwa ya maana ju ilitumikia tairi.

Kuna upande mwingine wa hii stori ambao hatuambiwi tukinunua tairi. Baada ya Dunlop kupata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, dunia ilitaka raba nyingi, haraka. Sehemu yake ilitoka hapa kwa jirani, Kongo ya Mfalme Leopold II. Watu walilazimishwa kuingia msituni kugema raba ya mwitu. Kijiji kikikosa kiasi kilichotakiwa, wake walishikwa mateka, watu waliuawa, mikono ikakatwa. Ni mwaka 1908 tu ndipo Leopold alinyang'anywa ile nchi. Sisemi ulie dukani. Nasema raba imewahi kugharimu watu wetu maisha, kwa hivyo kuiita chenji ni kukosa adabu kidogo.

Sasa turudi kwa gari lako. Linagusa lami kwa sehemu nne tu, kila moja kama ukubwa wa kiganja. Kona, breki, mwendo, zote zinapita hapo. Kwa siku yako ya kwanza ya saketi, mimi ningefanya hivi.

Baki na saizi ya rimu ya kiwanda, au hata inchi moja chini kama breki zinatosha ndani. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na tairi lake huwa jembamba ubavuni. Hata kwenye mashindano ya dunia ya rally, magari huvaa rimu za inchi 15 kwa vumbi na 18 kwa lami. Saizi inafuata kazi, haifuati picha.

Hakikisha rimu inaingia kihalali. Impreza nyingi za kawaida ni 5x100, lakini STI kuanzia 2005 ni 5x114.3. Fundi akikwambia "itaingia tu tukilazimisha", chukua rimu yako uende.

Nunua matairi mazuri ya barabarani, manne ya aina moja. Achana kwanza na yale laini ya mbio. Tairi la kawaida hupiga kelele kabla ya kuteleza, linakufundisha. Lile la mbio linataka joto kwanza, na likishakubali hushika sana, halafu linaachilia ghafla ukiwa na mwendo mkubwa zaidi.

Soma umri wake. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa halina hata dalili ya kipara na raba imeshakauka.

Pima upepo kabla ya kuanza, tairi likiwa baridi, kisha upime tena ukitoka. Joto huupandisha. Kabla ya kurudi nyumbani, rudisha kiwango cha barabara. Na nati zikazwe kwa spana ya kupimia.

Ukiona haya ni ya waoga, kumbuka Indianapolis 2005. Magari 14 kati ya 20 ya Formula 1 yaliingia gereji kabla mbio hazijaanza, ju matairi yao ya Michelin hayakuaminika kwenye kona moja. Sita tu ndiyo yalikimbia. Wale ni madereva bora duniani, na bado walikubali tairi liseme hapana.

Kwa hivyo nunua raba kwanza. Doh ikibaki, badilisha mafuta ya breki. Rimu ziko tu, hazikimbii.