Kamera ya kitundu: namna ya kupiga picha za dijitali bila lenzi

KATIKA nyumba iliyoezekwa kwa mabati yaliyokwisha kutumika kwingineko, jua la saa sita hupenya kwenye matundu ya misumari na kuchora viduara vya mwanga sakafuni. Matundu yenyewe hayana umbo maalumu; moja lina pembe, jingine limechanika. Hata hivyo, viduara vyote vilivyo sakafuni ni vya mviringo. Sababu ni kwamba kiduara hicho si umbo la tundu bali ni picha ya jua lenyewe. Paa likiwa mita 3 kutoka sakafuni, kipenyo cha picha hiyo hukaribia sentimita 3, na tundu likiwa dogo zaidi kiduara hufifia tu, ukubwa wake ukibaki takriban ule ule.

Asubuhi ya Januari 15, 2010, kupatwa kwa jua kwa umbo la pete kulipopita juu ya Kenya, sakafu za nyumba kama hizo zilizokuwa katika njia yake na kupata jua zilijaa pete badala ya viduara.

Huo ndio msingi wote wa kamera isiyo na lenzi. Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu. Kila nukta ya kitu kilicho mbele ya kitundu hupeleka mwale mwembamba ndani ya kisanduku cheusi. Mwale wa juu hutua chini, wa chini hutua juu, na picha hujichora kichwa chini miguu juu. Katika makala haya tutaiita kamera ya kitundu. Wapo wanaosema "kamera ya tundu la sindano", lakini kwa Mswahili tundu la sindano ni lile la kupitishia uzi, ilhali hapa tunazungumzia tundu linalotobolewa kwa ncha.

Wachina walilijua jambo hili mapema: wafuasi wa Mozi waliliandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Aliyelichunguza kwa majaribio ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo na kuandika Kitab al-Manazir katika miongo ya mwanzo ya karne ya 11. Alipanga taa kadhaa mbele ya kitundu na kuonyesha kwamba taa moja ikizibwa, ni doa lake pekee linalotoweka ukutani. Mianga haichanganyiki hata ikipita tundu moja. Jina la Kilatini lenye maana ya "chumba cheusi", camera obscura, lilitumiwa na Johannes Kepler mnamo 1604. Dai linalosikika mara kwa mara kwamba neno "kamera" lilitoka katika Kiarabu halina mashiko.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kamera inayofaa zaidi ni ile ya dijitali ambayo lenzi yake hung'oka. Si lazima iwe mpya. Iliyotumika, hata ile ambayo lenzi yake imeharibika, itatosha mradi kihisi chake cha mwanga ni kizima. Kinachotobolewa si kamera bali kile kifuniko cha plastiki kinachoziba mdomo wake lenzi inapotolewa. Kifuniko hicho ni cha bei nafuu, na fundi akikosea hununua kingine.

Swali la kwanza ni ukubwa wa kitundu, na hapa ndipo wengi hupotea. Kitundu kikiwa kikubwa, miale ya nukta moja hutawanyika na picha hujaa ukungu. Mtu hushawishika basi kukipunguza, tena na tena, akitumaini picha itazidi kuwa kali. Haiwi hivyo. Kikipungua kupita kiasi, mwanga huanza kujipinda kingoni mwa tundu, kama mawimbi ya maji yanavyotanuka yakipita katika mlango mwembamba, na ukungu hurudi. Kuna kiwango cha katikati, na mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alikifanyia hesabu mnamo 1891. Chukua umbali kati ya kitundu na kihisi kwa milimita, uuzidishe kwa 0.00055 (ambao ni urefu wa wimbi la mwanga wa kijani kwa milimita), utafute kipeuo cha pili, kisha uzidishe kwa 1.9.

Katika kamera za Canon na Nikon zenye kioo ndani, umbali kutoka mdomo hadi kihisi ni milimita 44 kwa Canon na 46.5 kwa Nikon. Ukitumia 45, jibu ni milimita 0.3. Kamera mpya zisizo na kioo zina umbali mfupi zaidi, milimita 16 hadi 20, na kitundu chake ni kama milimita 0.2. Tofauti nyingine ni upana wa mandhari: kwa kihisi cha milimita 36 kwa 24, umbali wa milimita 45 huona takriban digrii 44, ilhali wa milimita 18 huona digrii 90, ingawa pembe za picha huwa na giza.

Usitoboe kitundu chenyewe kwenye plastiki. Plastiki ni nene, na kitundu ndani yake huwa bomba. Kata kipande cha mraba cha sentimita 2 kutoka ubavuni mwa mkebe wa soda. Bati lake lina unene wa kama milimita 0.1 tu. Liweke juu ya kadibodi ngumu, ushike sindano nyembamba ya kushonea wima, na uizungushe kwa shinikizo dogo hadi ncha ianze tu kujitokeza upande wa pili. Usiipitishe, maana shina la sindano ni nene kuliko kitundu tunachotaka. Geuza bati, usugue kile kivimbe kwa msasa laini kabisa, urudishe ncha ya sindano kidogo kusafisha ukingo, usugue tena. Kitundu kizuri ni cha mviringo na hakina miba. Ukali wa picha hutegemea hatua hii kuliko nyingine yoyote, nasi twashauri utoboe vipande vitano au sita na kuchagua kilicho bora.

Kukipima si vigumu. Laza bati kwenye skana ya ofisini na uisome kwa nukta 1,200 kwa inchi. Kila pikseli itakuwa takriban milimita 0.02, hivyo kitundu cha milimita 0.3 kitakuwa na upana wa pikseli 14. Asiye na skana aweke bati kando ya rula, apige picha kwa rununu akiwa karibu, kisha aikuze.

Kwenye kifuniko cha kamera, tafuta kitovu na utoboe kwa keekee tundu la milimita 6 hivi. Kazi hii ifanyike mbali na kamera. Osha kifuniko, ukikaushe na kukipuliza hadi pasibaki chembe ya plastiki. Paka upande wa ndani wa bati rangi nyeusi isiyong'aa bila kuziba kitundu, kisha ulibandike nyuma ya kifuniko kwa utepe mweusi wa mafundi wa umeme. Elekeza kifuniko kwenye taa. Mwanga uonekane mahali pamoja tu.

Tusisitize suala la vumbi. Mbele ya mwanga unaopita tundu dogo namna hii, kila chembe iliyotua juu ya kihisi huonekana pichani kama doa jeusi ambalo lenzi ya kawaida ingelificha. Badilisha kifuniko ndani ya nyumba, mdomo wa kamera ukitazama chini. Vumbi likiingia, tumia pampu ndogo ya mpira. Usipulize kwa mdomo wala usifute kwa kitambaa cha shati, kwa kuwa mate na mikwaruzo humaliza kihisi, na kukibadilisha huenda kukagharimu zaidi ya bei ya kamera iliyotumika.

Weka kamera kwenye mpangilio wa mkono, ule wenye herufi M. Baadhi hukataa kufanya kazi zisipohisi lenzi; tafuta kwenye menyu ruhusa ya kupiga picha bila lenzi. Kitundu cha milimita 0.3 kwa umbali wa 45 ni sawa na f/150, yaani huingiza mwanga mdogo karibu mara 90 kuliko lenzi iliyofungwa hadi f/16. Kwa hiyo chini ya jua kali, ISO ikiwa 100, anza na sekunde 1. Mawingu yakitanda jaribu sekunde 8 hadi 15. Sebuleni utahitaji dakika tano au sita, au sekunde 20 hivi ukipandisha ISO hadi 1,600. Mikono haiwezi kutulia muda huo: kamera ikae kwenye tegeo la miguu mitatu au juu ya gunia la mchanga, na utumie kipima muda badala ya kubonyeza kwa kidole.

Asitarajie mtu picha kali. Kihisi kinaweza kuwa na pikseli milioni 24, lakini katika upana wa milimita 36 kitundu cha milimita 0.3 hupanga madoa kama 120 tu bega kwa bega. Kuongeza pikseli ni kazi bure. Kamera hii ina vipawa vingine. Ua lililo sentimita 5 mbele yake na mlima ulio upeoni hutoka kwa ukali unaokaribiana, kwa kuwa hakuna lenzi ya kulenga. Barabarani, katika sekunde ile moja, majengo husimama imara ilhali matatu zinazopita huwa ukungu wa rangi. Mwenye kupiga picha za arusi aendelee na lenzi zake.

Asiye na kamera ya aina hiyo anaweza kutumia rununu. Chukua katoni ya urefu wa sentimita 30, uipake nyeusi ndani, na katikati uweke pazia la karatasi nyembamba ipitishayo mwanga. Upande mmja wa katoni weka bati lenye kitundu cha milimita 1. Upande wa pili kata nafasi ya jicho la rununu na uzibe kingo kwa utepe. Rununu hupiga picha ya pazia, nayo iwe na mpangilio unaoruhusu sekunde 10 au 30, kwa kuwa pazia ni hafifu mno. Picha itatoka kichwa chini. Izungushe nusu mzunguko na itakaa sawa, kushoto kukiwa kushoto.

Walimu wa fizikia watalitambua somo. Katika mtaala wa 8-4-4 kamera hii ilifundishwa Kidato cha Kwanza, na wako watahiniwa wengi wanaokumbuka kanuni ya ukuzaji bila kuwahi kuona picha iliyopinduka. Katoni moja na pazia lake huonyesha darasa zima, hata bila rununu wala umeme.

Onyo la macho nalo lina mahali pake. Kitundu hakikuundwa kutazamia jua, na wala si salama kulichungulia jua kwacho, hata likiwa limefunikwa nusu. Mnamo Agosti 2, 2027 jua litapatwa lote katika ukanda unaopita Luxor, Misri, na kaskazini mwa Somalia, na Kenya itaona sehemu tu ya kupatwa huko, mchana. Siku hiyo lipe jua mgongo, shika bati lenye kitundu begani, na utazame kishungi cha mwanga kwenye karatasi nyeupe iliyo mbele yako. Karatasi ikiwa mita 1 kutoka kwenye bati, picha ya jua itakuwa na upana wa milimita 9.