Walimu wa Kigugumizi wa Iowa

Ni chache elimu za utabibu ambazo walimu wake wa kwanza walikuwa wagonjwa wake. Elimu ya kupima na kutibu kigugumizi ni mojawapo. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, Lee Edward Travis alianza katika miaka ya 1920 kufundisha vijana kuchunguza kasoro za usemi kwa njia ya sayansi. Miongoni mwao walikuwa Wendell Johnson wa Kansas na Charles Van Riper wa Michigan. Wote wawili walikuwa na kigugumizi kizito. Walikwenda kutafuta dawa, wakapata kazi.

Travis aliamini kuwa pande mbili za ubongo hushindania utawala wa ulimi, na kwamba mtu wa shoto aliyelazimishwa kutumia mkono wa kulia huvurugika usemi. Basi mkono wa kulia wa Johnson ukafungwa plasta, atumie wa kushoto. Alivumilia zoezi hilo la shoto kwa miaka, wala ulimi haukufunguka. Ni rahisi kucheka leo. Lakini angalau dhana ile ilijaribiwa juu ya mtu mzima aliyeridhia.

Haikuwa hivyo katika mwaka wa 1939. Johnson, sasa mwalimu, alidhani kigugumizi huzaliwa pale mzazi mwenye hofu anapolipa jina hilo kosa la kawaida la mtoto anayejifunza kusema. Mwanafunzi wake, Mary Tudor, alitumwa kwenye nyumba ya yatima huko Davenport. Watoto 22 walichaguliwa, 10 kati yao wakihesabiwa kuwa na kigugumizi. Sita waliosema vizuri waliambiwa kuwa wana dalili za kigugumizi, na kwamba wasiseme mpaka wawe na hakika ya kusema sawasawa. Baada ya miezi michache baadhi yao waliona haya na kupunguza maneno. Tasnifu ile ilikaa maktabani bila kuchapishwa kuwa kitabu. Gazeti lilipoifichua mwaka 2001, Chuo kiliomba radhi. Mwaka 2007 Jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000. Nao Nicoline Ambrose na Ehud Yairi, walipozipima upya hesabu zake mwaka 2002, hawakuona ushahidi kuwa mtoto yeyote alitiwa kigugumizi. Yatima waliumizwa, na nadharia haikuthibitika.

Van Riper alishika njia nyingine huko Kalamazoo, alikofungua kliniki mwaka 1936. Hakuahidi kukifuta kigugumizi, bali kukilainisha: msemaji amalize neno lililomkwama, anyamaze kidogo, alirudie kwa utulivu, baadaye ajifunze kulilegeza likiwa bado kinywani, mwisho ajitayarishe kabla halijafika. Wanafunzi wake wa utabibu aliwataka waingie madukani wakajifanye wenye kigugumizi, wayaonje macho ya watu. Zoezi hilo lingali linatolewa katika vyuo vingi, na kwa haki. Silabi zilizokwama zaweza kuhesabiwa, na muda wake kupimwa kwa saa; lakini saa haimwoni mtu aliyetaka sukari, akaomba chumvi kwa sababu neno lake ni jepesi kwake. Van Riper alifariki mwaka 1994, baada ya maisha marefu ya kufundisha, na kigugumizi chake hakikumwacha kabisa.