Mpumuo wa Kimvita na Wanafunzi Watu Wazima

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930. Katika tahajia iliyofuata, mpumuo wa Kimvita haukupewa alama, ingawa W. E. Taylor, aliyeishi Mombasa, alikwisha kuutilia yake. Tofauti yenyewe si ndogo. Paa la nyumba hutamkwa pasipo mpumuo. P'aa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo, nao ni athari ya nazali iliyodondoka.

Afisa Mwingereza aliyejifunza lugha hii ukubwani hakuwa mgeni wa sauti hiyo. Lugha yake mwenyewe huipumua p ianzapo neno, ila yeye hana habari. Kilichomshinda ni kuizuia pumzi, na tahajia haikumdokezea kwamba kuna cha kuzuia. Hivyo nyumba ikaezekwa mnyama. Kipande cha karatasi mbele ya midomo kingalitosha kumfunza: kwa p'aa kitikisike, kwa paa kitulie. Lakini jicho lilikwisha zoea herufi moja, na mwalimu Mmvita aliposahihisha, alisahihisha kisichoonekana kitabuni.