Okidi Isiyochanua na Kiangazi cha Pajulu
Katika vitongoji vya Pajulu, katika jiji la Arua, mvua huanza kushika mwezi wa Aprili, ikazidi nguvu tangu Agosti hata Oktoba, kisha tangu Desemba mpaka Machi hukatika, nyasi zikakauka, vumbi likatanda barabarani, na kila mwenye chungu cha ua barazani akaona ni wajibu wake kulinusuru kwa maji asubuhi na jioni. Kwa mimea mingi huruma hiyo ni njema. Lakini kwa okidi, aila kubwa ambayo wengi wa jamaa zake katika nchi zetu huishi juu ya magome ya miti pasipo kugusa udongo, huruma hiyo hiyo ndiyo aghalabu inayompa mwenyewe majani ya kupendeza mwaka baada ya mwaka bila ya ua hata moja.

Dhiki hii ni kongwe, na waliopatwa nayo kabla yetu walikuwa na mali na elimu. Waingereza wa mwanzo wa karne ya 19, walipoletewa okidi kwa marikebu, walidhani kwamba kila kitokacho nchi za joto hutaka joto na mvuke kama wa hamamu, wakazifungia katika nyumba za vioo zilizopashwa moto wa makaa na kuzibwa kila upenyo, zikafa kwa maelfu. Katika miaka ya 1830 Joseph Paxton, msimamizi wa bustani za Chatsworth, alifungua njia za hewa, akapunguza joto, akazitenga okidi kwa kadiri ya hali ya hewa ya kwao. Ndipo zilipoishi, na zilipoishi zikachanua.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi sisi wa Afrika ya Mashariki ni cha vanila, ambayo watu wa pwani huiita lavani, kwani nayo ni okidi, tena okidi inayolimwa mashamba kwa mashamba kwa ajili ya jikoni. Asili yake ni Meksiko. Wafaransa waliipeleka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, ikatambaa juu ya miti, ikachanua, na maua yakaanguka pasipo kuzaa. Mwaka 1836 Charles Morren, mtaalamu wa mimea wa Liège katika Ubelgiji, alifaulu kuizalisha kwa mkono, ila njia yake haikuwafaa wakulima. Aliyeifungua kazi hiyo kwa ulimwengu ni mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond, katika shamba la Ferréol Bellier-Beaumont huko Sainte-Suzanne, mwaka 1841. Ndani ya ua la vanila chavua na mahali pa kuipokea vimo katika nguzo moja, vikitengwa na utando mdogo tu. Edmond aliuinua utando ule kwa kijiti chembamba, akabonyeza kwa kidole gumba mpaka vikagusana, na kazi ikaisha kabla mtu hajavuta pumzi ya pili. Ua hilo hufunguka alfajiri na kunyauka siku ile ile, kwa hiyo katika msimu hapana budi mtu apite kila asubuhi, mmea kwa mmea. Edmond aliachwa huru mwaka 1848 pamoja na watumwa wote wa kisiwa, akapewa jina la Albius, akafa maskini mwaka 1880. Na katika uhai wake mtaalamu mmoja wa Kifaransa alidai kuwa ndiye mwenye ugunduzi ule, hata Bellier-Beaumont mwenyewe akasimama kumtetea kijana. Kwangu mimi, hakuna jina katika historia ya bustani linalostahili heshima kuliko la mtoto huyo.

Elimu yake ilivuka bahari hadi Madagaska na Komoro, na mwishowe ikafika Uganda. Hapa vanila ilishika mizizi Mukono, na baadaye Bundibugyo na Kasese, ikipanda juu ya mibono kaburi. Na kwa kuwa nchi hizo hupata viangazi viwili kwa mwaka, huchanua mara mbili, jambo adimu duniani. Wakulima hawaungoji ukame peke yake: huuteremsha mmea uliopanda juu mno, wakauning'iniza, wakakata ncha yake, ili nguvu iliyokuwa ikikimbilia majani igeukie maua.

Kanuni hiyo si ngeni kwa watu wa Arua, ingawa wao waliijua kwa upande wa pili. Nchi yao, iliyokuwa katika eneo la Lado chini ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mpaka alipofariki mwaka 1909, ikapita mikononi mwa Sudani, kisha mwaka 1914 ikatiwa Uganda. Na katika zama za Waingereza tumbaku ikawa zao kubwa la biashara la mkoa wao wa West Nile. Mkulima wa tumbaku huvunja kila kichwa cha ua kinapochomoza, majani yapate kunenepa. Basi mzee aliyefanya kazi hiyo hahitaji kufundishwa kwamba jani na ua hugombea chakula kimoja, na kwamba samadi nyingi humpa mwenye okidi majani tu.

Okidi ya kienyeji yenye maua ya manjano na madoadoa ya hudhurungi, ambayo wataalamu huiita Ansellia, hutaka mwanga mwingi na kiangazi cha kweli. Majani yake yakiwa ya kijani cheusi, imewekwa kizani, na isogezwe kunako mwanga. Tangu Desemba ipunguziwe maji sana, lakini isiachwe mpaka mashina yakasinyaa, na izidishiwe inapochomoza chipukizi. Phalaenopsis, ile ya Asia yenye majani mapana iuzwayo madukani mijini, haipewi kiu hata kidogo, kwa sababu haina akiba ya maji shinani. Yenyewe huamshwa na ubaridi wa majuma kadhaa, chini ya nyuzi 25 hivi mchana na usiku, na kwa mwenye nyumba Pajulu yafaa kuitoa chumbani na kuiweka dirishani penye hewa, mbali na jua la adhuhuri.